Mashine ya salfa, pampu na urea: kipi kinachafua hewa zaidi?

MkoroshoMkavu (Tandahimba)
Wakuu salama? Nina mikorosho huku na bustani ya nyanya bondeni Ruvuma, sasa mdogo wangu karudi toka chuo kazi yake kunisakama tu, kila nikiwasha mashine ya kupulizia unga wa salfa kwenye mikorosho eti kaka unaharibu hali ya hewa, na kwel ule moshi hata mi unanikera, ila pampu nayo inakula petroli kiangazi chote, majani nikishapalilia nachoma. Nianze kupunguza wapi? Mkinambia niache korosho ntawablok.

BintiNaliendele
Kaka hizo mashine zinachoma oili pamoja na petroli, afu mafuta mengine yanatokea kwenye ekzosi hayajaungua. Pima oili, watu wanamimina kwa macho halafu wanalaumu mashine. Na salfa piga alfajiri umande bado upo, upepo ukianza unampulizia jirani. Vaa barakoa basi, sio leso.

KusiniKwetu
Mkubwa mmemuacha. Nyanya unaweka mbolea ya urea?

MkoroshoMkavu
Mifuko mitatu kwa msimu mkuu.

KusiniKwetu
Haya sikia. Lita 1 ya petroli inatoa kama kilo 2.3 za hewa ukaa. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za nitrojeni, na kwa kadirio la kawaida la IPCC, lile jopo la wanasayansi wa tabianchi la Umoja wa Mataifa, asilimia 1 hivi ya hiyo nitrojeni inaruka ikiwa gesi ya N2O (nitrojeni ikishaungana na oksijeni, inafika kama kilo 0.36), ambayo kilo kwa kilo inapasha dunia joto mara 273 ya hewa ukaa. Piga hesabu, mfuko 1 unagonga sawa na karibu kilo 100 za hewa ukaa, yani lita 40 na kitu za petroli, hapo hujagusa nishati iliyoliwa kiwandani, na moshi wala huuoni. Urea usiache, ila weka kidogo kidogo, fukia, na usimwagilie kupita kiasi hadi maji yakatuama maana udongo ukilowa sana ndo N2O inatoka kwa fujo.

Mzee wa Ufuta (Nachingwea)
Majani usichome kijana, tandaza kwenye nyanya, udongo utashika maji na pampu utawasha mara chache. Chini ya mkorosho tu ndo pasafi wakati wa kuokota. Moto wa kiangazi ukikuponyoka ukala mikorosho ya watu utalala kituoni.

MkoroshoMkavu
Shikamoo mzee, nimekupata. Na pampu ya sola bondeni haiibiwi?

BintiNaliendele
Inaibiwa vizuri tu 😂 jioni unabeba paneli unarudi nazo nyumbani.