Kubadili asilimia kuwa idadi ya watu: kwa nini uamuzi unabadilika?

Ubao_Mweusi: Wakuu, naandaa somo la wanafunzi wa uuguzi kuhusu kusoma majibu ya vipimo. Katika utafiti wa wanasaikolojia Gerd Gigerenzer na Ulrich Hoffrage wa 1995, maswali yalipoandikwa kwa asilimia, hoja sahihi zilikuwa 16%. Yaleyale yalipoandikwa kwa idadi ya watu, zikafika 46%. Asilimia nazibadilishaje bila kuziharibu? Na kichwani kunatokea nini hasa?

Mtemi wa Namba: Tumia swali lao maarufu la saratani ya matiti. Wenye saratani ni 1% ya wanaopimwa. Aliye nayo, kipimo humkamata kwa 80%. Asiye nayo, humsingizia kwa 9.6%. Mama fulani amepata jibu chanya. Je, uwezekano kwamba anaumwa ni upi? Wengi, hata madaktari, hutaja 70% hadi 80%.

Sasa chora mti. Juu kabisa weka wanawake 1,000. Tawi la kwanza wagonjwa 10, la pili wazima 990. Kwa wale 10, chanya ni 8. Kwa wale 990, chanya ni 95. Futa wote waliopata hasi. Wanabaki 8 na 95, jumla 103. Gawa 8 kwa 103: karibu 7.8%.

Wanafunzi huteleza hapo mwisho, wanagawa 8 kwa 10 au kwa 1,000. Wazoeze kuandika asili ya sehemu kwanza, yaani 103, ndipo waweke 8 juu yake.

Kasiba: Naongezea hapo kwa Mtemi, maana kundi liwe MOJA tangu juu hadi chini. Vijitabu vingi huandika "10 kati ya 1,000", "80 kati ya 100", "96 kati ya 1,000". Zinafanana na idadi, lakini kila moja ina kundi lake, kwa hiyo uchache wa wagonjwa umeshapotea na msomaji anarudi kuzidisha vilevile kama kwenye asilimia. Faida yote inayeyuka.

Angalia pia ukubwa wa kundi. Ukianza na 100, mgonjwa ni mmoja, na 80% ya mtu mmoja haichoreki. Ugonjwa wa mtu 1 kati ya 10,000 unataka uanze na 100,000.

Pwani_Kati: Kuhusu kichwani, wataalamu wenyewe wanabishana. Gigerenzer anasema akili imezoea kuhesabu matukio kadiri yanavyopita, moja baada ya jingine. Steven Sloman na wenzake, 2003, wakajibu kwamba siri haiko kwenye idadi, iko kwenye seti: msomaji anawaona wale 8 wakiwa ndani ya 103. Ukizionyesha seti waziwazi, hata swali la uwezekano linarahisika. Kwa kufundishia naegemea kwa Sloman, ndiyo maana mchoro ni wa lazima.

Jambo moja msilisahau darasani. Wale 10 kati ya 1,000 ni wanawake wanaopimwa bila dalili yoyote. Mama aliyekuja na uvimbe ametoka kundi jingine, lenye wagonjwa wengi zaidi, na ile 7.8% haimhusu. Mti wake unaanza na namba nyingine kabisa.