Ushauri: Nimeweka injini ya CG125 kwenye kwadi ya shamba, stata inazungusha lakini plagi haichomi

MitiMafinga
Wakuu, habari za kazi. Nina kwadi (pikipiki ya magurudumu manne) ya Kichina ya cc 125 kwa ajili ya shamba la miti huku Mafinga. Inabeba miche, madumu ya maji, na kiangazi inapandisha pampu ya kuzimia moto. Injini yake, ile ya kulala, ilinata pistoni na silinda ikaharibika kabisa. Nikapata CG125 ya kusimama iliyotoka kwenye bodaboda, kompresheni safi. Fundi wa kuchomelea ametengeneza vishikio vipya, sproketi zimekaa mstari mmoja. Cheni nimeweka ya 428 pamoja na sproketi yake ya nyuma, maana ya zamani ilikuwa 420. Huko sina wasiwasi.

Shida ni umeme. Kwenye magneti (kitoa umeme kilicho ndani ya injini) zinatoka waya hizi: nyeusi yenye mstari mwekundu, bluu yenye mstari mweupe, kijani, nyeupe, njano, na ile ya kijani mpauko ya taa ya nyutro. Fundi umeme wa hapa amechukua volti 12 kwenye swichi ya ufunguo akaziunga na ile nyeusi-nyekundu, akasema ndiyo ya kuipa moto CDI, kile kiboksi cha kutoa cheche ya plagi. CDI ni ileile ya kwadi. Nikibonyeza stata injini inazunguka vizuri, lakini plagi haichomi. Halafu kebo ya klachi inapata moto mpaka plastiki yake inanuka. Naomba msaada, mvua zikianza lazima miche iende shambani.

Fundi_Uyole
Pole mkuu. Kwanza ondoa hizo volti 12 leo leo.

CDI ziko za aina mbili. Moja inakula umeme wa betri. Nyingine inaletewa umeme wake na koili iliyo ndani ya magneti, betri haihusiki, hata ukiitoa injini inawaka kwa kiki. Hiyo nyeusi-nyekundu inatoka kwenye koili hiyo. Umeme unatoka kwenye injini kwenda CDI, fundi wako ameurudisha nyuma. Na kosa hili linajificha vizuri: koili ina ohm mia kadhaa na ncha yake ya pili iko kwenye bodi, kwa hiyo volti 12 zinapitisha umeme kidogo mno, fyuzi haikatiki wala hakuna moshi. Lakini CDI inayotaka umeme mkubwa wa koili inaishia kupata volti 12 tu, cheche haiwezi kutoka.

Pima kabla ya kuunga chochote. Chomoa soketi ya magneti, weka mita kwenye ohm, kati ya nyeusi-nyekundu na kijani upate mia kadhaa. Bluu-nyeupe na kijani, kati ya 100 na 200 hivi. Kisha geuza mita kwenye volti za AC, zungusha stata, nyeusi-nyekundu itoe volti 40 au zaidi. Ikitoa, magneti ni nzima.

Angalia na waringi wa zamani wa kwadi. Kama injini iliyokufa nayo ilikuwa na nyeusi-nyekundu inayoingia CDI, basi CDI yako ni ya aina hiyohiyo, itumie. Nyeusi-nyekundu kwa nyeusi-nyekundu, bluu-nyeupe kwenye bluu-njano ya kwadi, kijani kwa kijani. Nyeusi-njano inakwenda koili ya plagi. Nyeusi-nyeupe ni ya kuzimia, inafanya kazi kwa kuguswa na kijani. Hiyo usiipelekee moto wa betri hata siku moja.

Nanyuki_4x4
Ndugu, hiyo kebo ya klachi inakuambia kitu kingine: injini haina aithi, yaani njia ya kurudisha umeme kwenye hasi ya betri. Vishikio vipya vimepakwa rangi, bolti zimekaa juu ya rangi, kwa hivyo umeme wa stata unarudi betri kupitia kebo ya klachi. Toa waya nene kutoka hasi ya betri moja kwa moja hadi bolti ya injini, kwaruza mpaka chuma king'ae. Usizungushe stata tena kabla ya hapo, hiyo kebo itashika moto karibu na tangi.

Rangi za waya ziamini kiasi. Injini hizi zinafuata Honda CG125 ya mwaka 1976, na Wachina wengi wamebaki na rangi za Honda, lakini injini iliyopita kwa mafundi wengi huenda imeungwa waya upya. Mita ndiyo ya kuaminiwa. Na fundi akirudi kuchomelea, chomoa betri na CDI kwanza.

MitiMafinga
Asanteni sana wakuu. Aithi imewekwa, kebo imepoa kabisa. Koili imesoma ohm 310, bluu-nyeupe 150, na kwa stata napata volti 55. Nimeunga kama Fundi alivyoelekeza, bado hakuna moto. Nikachomoa nyeusi-nyeupe kwenye CDI, plagi ikachoma bluu safi na injini ikawaka! Sasa je, niiache hivyohivyo?

Kiwengwa_Quad
Hapana ndugu yangu, usiiache. Kwadi isiyozimika inaua. Throto ikikwama kwenye mteremko, au ukianguka nayo ikakulalia, cha kukuokoa ni swichi ya kuzimia na kamba ya usalama ya nyuma, ile ikivutwa inazima injini. Sisi huku pwani tunawapa watalii kwadi, na mashine ambayo kamba yake haizimi injini haitoki getini.

Njia yako ya kuzimia inagusa aithi mahali fulani. Ziko sehemu tatu tu: swichi ya ufunguo, swichi ya usukani, na ya kamba nyuma. Chomoa moja moja huku mita ikiwa kati ya nyeusi-nyeupe na kijani. Anza na ya nyuma, matope na maji huingia humo. Angalia na chini ya kiti, waya hubanwa hapo.

MitiMafinga
Umesema kweli kaka. Swichi ya kamba ilijaa kutu ndani, imejifunga. Nimeagiza mpya, kwadi haiendi shambani mpaka ifike. Yamebaki mawili: kuchaji, na rivasi, maana CG hii haina gia ya nyuma.

Fundi_Uyole
Kuchaji: kama injini ya zamani ilikuwa na waya tatu za njano, regulata yake (kidhibiti cha chaji ya betri) haiendani na hii. Tafuta ya pini nne ya CG: nyeupe, njano, nyekundu, kijani. Ukipandisha resi, betri isome volti 14 hivi. Ikipita 15, zima, regulata ni mbovu au haina aithi.

Rivasi: zipo gia boksi ndogo zinazokaa kati ya injini na ekseli, za pikipiki za mizigo za magurudumu matatu. Pima nafasi ya cheni kwanza, kwenye kwadi fupi huwa haitoshi. Isipotosha, utahitaji injini ya CG iliyotengenezwa na rivasi ndani yake. Kwa milima ya Mufindi na mzigo wa maji nyuma, mimi ningeitafuta hiyo.