Kereng'ende mwembamba wa kijitoni Amani: ni aina ipi ya jenasi Platycypha? Msaada wa haraka

Kijito77: Wakuu, kesho nakabidhi ripoti ya wadudu wa kijito kimoja Amani, Usambara Mashariki, na jina moja limenikwamisha. Tumbo fupi kuliko mabawa, uso umechongoka kama pua, akitua hufumba mabawa. Kwenye picha tumbo ni la buluu, magoko mapana, meupe mbele na mekundu nyuma. Ni Platycypha caligata au P. auripes?

Mwanamto: Pua na tumbo fupi ni familia ya Chlorocyphidae, ambamo Platycypha wamo, hapo hujakosea. Magoko hayo ni ya dume la caligata; huyapunga mbele ya jike.

Bi Msitu: Kibali unacho, ndugu? Huko ndiko aliko kereng'ende mwembamba mwingine, Amanipodagrion gilliesi, aliyepewa jina 1962 na hajulikani nje ya Usambara Mashariki. Vijito hivyo havikanyagwi ovyo.

Kijito77: Ninacho, na nimechukua mmoja tu.

Mwanamto: Kumbe unaye! Umemhifadhije?

Kijito77: Yumo kwenye spiriti siku ya tatu, amekuwa kahawia mtupu. Ila ripotini nimeshaandika auripes, kwa sababu ndiye wa Milima ya Tao la Mashariki.

Lenzi10: Spiriti ni ya lava, yaani mtoto wa kereng'ende aishiye majini. Mpevu hufumbwa mabawa, hutiwa kwenye bahasha ya karatasi, huloweshwa asetoni kwa muda wa saa 12 hivi, kisha hukaushwa. Asetoni hutoa maji na mafuta, ndiyo maana rangi hubaki. Na makazi hayatoi jina, yanapunguza orodha tu. Hebu tazama chini ya ncha ya tumbo kwa lenzi ya mara 10: kuna sindano ya kutagia?

Kijito77: Ipo.

Bi Msitu: Basi kisa hiki umetunga. Sindano ni ya jike, na jike hana magoko meupe mapana.

Kijito77: Sijatunga, dada. Picha niliipiga penye jua, dume katua kwenye gogo linalooza, nusu limezama. Huyu wa kwenye spiriti nilimnasa mita 300 kuelekea juu ya kijito, kivulini. Nilidhani ni aina moja.

Lenzi10: Hao ni wawili, waandike mistari miwili. Picha: Platycypha caligata, dume. Wa kwenye spiriti: Platycypha sp. (yaani aina haijajulikana), jike. Auripes ifute. Ukirudi pale juu, kaa jua likiwa kali karibu na mbao zilizozama, maana dume hulinda mahali pa kutagia, umpige picha magoko mbele na nyuma. Ukichambua mizizi, lava mwenye matamvua (ya kupumulia, mkiani) mawili marefu kama miiba, badala ya matatu bapa, anathibitisha familia tu.

Kijito77: Nimefuta. Narudi kijitoni Jumamosi.