Tupeane uzoefu: nani alisafiri na meli ya Kampala au Karanja?

Mtoto wa Kibokoni: Mjukuu kanionyesha picha ya meli ya dohani nyeusi yenye mistari miwili myeupe, nikasikia harufu ya mafuta ya mashine hapo hapo. Sie tulikuwa abiria wa sitahani, Bombay mpaka Kilindini, 1963. Mliolala mkekani kando ya masanduku ya bati, jitokezeni.

Bint Malindi: Nipo! Mama alibeba achari zake, chakula cha meli hakugusa.

Kuli Mstaafu: Hizo zilikuwa pacha, zimeundwa Glasgow. Kampala ya 1947, Karanja ya 1948.

Kombo Muscat: Mimi picha hiyo sitaki hata kuiona. Ilikuwa Karanja, kusi limeshika. Jirani yetu wa mkeka, mzee wa Unguja anayetoka matibabuni, alfajiri hakuamka. Baba akamwita serahangi, serahangi akamleta daktari, daktari akatazama saa akaandika. Nikadhani atawekwa mpaka Mombasa. Wapi! Abiria wakamwosha nyuma ya turubai, wakamkafini kwa kitambaa cha marekani alichokinunua Bombay mwenyewe, nadhani cha kwenda kuuza. Alisaliwa watu wameshikana mikono, meli inalala huku na huku. Akafungwa chuma miguuni, mashine zikapunguzwa, akateremshwa. Haya, hilo lilipita. Tulipotia nanga Unguja, wanawe wamekuja na mashua, wanatupungia tangu mbali. Baba akateremka ngazi na bakora na viatu vya mzee. Mtoto mdogo akavipokea akauliza, "Mwenyewe yuko nyuma?"

Bint Malindi: Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Wali wangu umeungua.

Mtoto wa Kibokoni: Kombo, Mungu amrehemu. Mie nilitaka habari za achari.

Tanga Line: Poleni. Ila Baba alikwenda Bombay kwa meli ya Uganda, ilikuwa nzuri zaidi.

Kuli Mstaafu: Uganda haikuwa ya Bombay, bwana. Ya London hiyo, kupitia Suez, imejaa wazungu wa serikali. 1967 ikatolewa njia hii, ikageuzwa ya wanafunzi; 1982 ikawa hospitali vitani Falklands; 1986 kimbunga kikaibwaga Taiwan.

Tanga Line: Ulipanda wewe?

Kuli Mstaafu: Nilibeba mizigo yao Kilindini.

Tanga Line: Basi uliiona gatini tu. Baba hasemi uongo.

Kuli Mstaafu: Muulize tena alipanda ipi.

Dogo Chake: Shikamooni wazee. Kesho navuka kwenda Pemba na boti hunitapisha vibaya. Nyie mlifanyaje siku zote hizo?

Bint Malindi: Marahaba. Nyonya ndimu, na usitie kitu tumboni.

Mtoto wa Kibokoni: Usimsikilize. Kula ushibe, tumbo tupu ndilo linalotapika. Kaa katikati ya chombo.

Kombo Muscat: Kaa nyuma, upande wa chini ya upepo. Wenzako watakushukuru.

Tanga Line: Panda ndege.

Dogo Chake: Ndege nayo hunitapisha.