Mgumu wangu (mpagazi) anasema majina ya nyota ni Kiarabu. Kweli au fiksi?

Mpandishaji_Moshi:
Wakuu, habari za jioni. Napandisha wageni Mlima Kilimanjaro. Januari tulikuwa kambi ya Barafu, mita 4,673, saa tano usiku tunajiandaa kwenda kileleni. Mgeni kaelekeza simu juu, inamtajia nyota: Aldebaran, Rigel, Betelgeuse, Achernar. Akaniuliza maana. Mimi Mchaga wa Kilema, nimekulia katekisimu, nikajibu ni majina ya Kizungu tu. Mgumu mmoja wa Tanga akacheka mpaka akakaa chini: "Kaka, hicho Kiarabu!" Alikuwa ananipiga fiksi?

Sakina_Juu:
Hapana. Hata Dubhe ni dubu huyu huyu.

FundiSaa:
Mnunulie soda huyo mgumu. Mimi natengeneza saa hapa Moshi, ila chuo cha Kurani nilisoma Pangani, na viboko vyake bado navikumbuka.

Aldebaran ni ad-dabaran, mfuasi, maana inafuata Kilimia, kile kishada cha nyota. Usiku ule mngetazama magharibi mngeona Kilimia kimetangulia kushuka, yenyewe iko nyuma yake. Rigel ni mguu. Achernar ni akhir an-nahr, mwisho wa mto.

Kichekesho ni Betelgeuse. Ilikuwa yad al-jawza, mkono wa Jauza, lile jitu lenye mkanda wa nyota tatu. (Wapiga falaki wetu wakisema Jauza wanamaanisha Mapacha, msichanganye.) Sasa, herufi ya Kiarabu ye mwanzoni mwa neno ina nukta mbili chini, be ina moja. Huko Ulaya, karne ya 13, ye ikasomwa be, mkono ukapotea. Wasomi wa baadaye wakahangaika kueleza hiyo "bet", wengine wakasema ni kwapa! Mimi nikikosea jino moja la gurudumu, mteja kesho yake asubuhi yuko mlangoni. Kosa lile mwaka 2016 Umoja wa Kimataifa wa Wanafalaki uliliidhinisha kuwa jina rasmi.

Kijenge_Mwanga:
Kwa hiyo elimu yote ya nyota ni ya Waarabu?

FundiSaa:
Sijasema hivyo. Ptolemy wa Alexandria aliandika kitabu cha nyota kwa Kigiriki karne ya 2, Waarabu wakamtafsiri, halafu mnamo 1175 kule Toledo, Hispania, Gerard wa Cremona akakitoa kitabu hicho kwenye Kiarabu kwenda Kilatini. Kwa hiyo Rigel, na Fomalhaut ambayo ni mdomo wa samaki, ni maelezo ya Mgiriki yaliyovishwa kanzu. Dabaran ndiyo ya Waarabu wenyewe, tangu jangwani.

Mpandishaji_Moshi:
Soda nimenunua, anadai ya pili. Anauliza na Akrabu ipo, au hiyo ni ya saa?

FundiSaa:
Zote mbili. Akrabu za saa ninazo hapa mezani, droo nzima. Akrabu wa juu ni nge, na ana nyota yenye jina hilo hilo. Januari mkikaribia Stella Point, pale ukingoni mwa kreta, kabla ya jua kuchomoza, geukeni mashariki, yuko hapo.