Nina LLB (digrii ya kwanza ya sheria) nataka kuwa lekchara wa sheria ya habari na haki za binadamu, nianze na masta ipi?

Mleta uzi:
Wakuu habari za jioni, naombeni ushauri, matusi wekeni pembeni kidogo. Nimemaliza LLB mwaka juzi, GPA 3.9, sasa hivi najitolea redio ya jamii huku mkoani, kila alhamisi saa 2 usiku tuna kipindi cha sheria, studio yenyewe ukutani tumebandika magodoro sauti isigonge. Juzi kati akapiga mama mmoja mjane, ana barua ya wakili wa shemeji yake kuhusu kiwanja, kurasa 2 kiingereza kitupu, akawa ananisomea herufi moja moja hewani, "eni... o... ti..." mpaka vocha ikamwishia nikabaki nasema halo halo peke yangu. Aisee sikulala. Tangu hapo nataka nifundishe na kutafiti sheria, mawasiliano na haki za binadamu kwa pamoja. Sasa mjomba ndo aliyenisomesha na anataka niende Law School niwe wakili. Halafu naogopa nikichukua masta ya mawasiliano, watu wa sheria watasema huyu mwandishi, waandishi watasema huyu mwanasheria, nabaki popo, ndege simo mnyama simo. Nifanyeje?

Mdau wa Kimara:
Haki za binadamu utazila na ugali dogo? Msikilize mjomba.

Mdau wa Moro:
Mi nafundisha chuo. Hiyo hofu ya popo ni ya kweli kabisa, kwenye ajira wanaangalia kwanza digrii zako zimefuatana vipi, ulichoandika watasoma baadaye kama watasoma. Kuanzia tutorial assistant (ngazi ya chini kabisa ya kufundisha chuo) wanataka GPA 3.8, umevuka, masta ndo uhakikishe inafika 4.0. Kwa hiyo chukua LLM (masta ya sheria), mawasiliano yaingie kwenye disatesheni. Usijidanganye na masta mbili, mi nilifanya hivyo nikaishia kupoteza miaka na nywele. Na vyuo vya uandishi wana somo la sheria na maadili ya habari, watakuita tu patitaimu (hela inachelewa, ujiandae kisaikolojia).

Dada wa Arusha:
Watu wanadhani hii fani ni ya kubuni, njooni huku muone. Mahakama ya Afrika ya haki za binadamu, 2014, kesi ya Konaté, mwandishi wa Burkina Faso aliyepigwa miezi 12 jela kwa kumkashifu mwendesha mashtaka, mahakama ikasema kifungo kile kimevunja haki yake ya kujieleza. Mji huu huu, Mahakama ya Afrika Mashariki, Machi 2019, ikakuta vifungu kadhaa vya Sheria yetu ya Huduma za Habari ya 2016 vinaukiuka mkataba wa jumuiya. Hukumu zote zipo mtandaoni bure, zisome kabla hujaomba chuo chochote. Pretoria nao wana LLM ya haki za binadamu na demokrasia Afrika, mwaka mmoja, ina skolashipu ila mnagombania bara zima.

Mdau wa Moro:
Nimesahau kitu, dogo mada ya utafiti umeiandika mwenyewe hapo juu halafu umeipita. 2021 sheria ilibadilishwa Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, haya, huko kwenye ofisi za mawakili barua zinaandikwa kwa lugha gani, na anayezipokea anaelewa nini? Mtu ataitwaje kujitetea kwa karatasi asiyoweza kuisoma? Hapo kuna sheria, kuna mawasiliano, kuna haki, na bado watu wa sheria hawakukatai.

Mdau wa Kimara:
Mi nilitania jamani. Ila mjomba naye ajue Law School sio mteremko, 2022 kati ya 633 walifaulu 26.

Mleta uzi:
Nimewapata wakuu, ntaomba LLM. Mjomba nampigia jumapili akishakula, ndo anakuwa na moyo mzuri. Na namba ya yule mama imebaki kwenye simu ya studio, kesho nampigia kwa vocha yangu aje na hiyo barua tuisome yote.