Ndizi za Tukuyu na chai ya Baba

*Kikundi: Nyumbani Uyole*

Mama: Jamani, Baba Neema ameacha ndizi mbivu na maziwa, wiki ya pili sasa. Daktari kamwambia apunguze sukari. Mkungu ulioletwa kutoka Tukuyu unaharibika jikoni.

Shangazi: Si kweli ndizi ni tamu, wifi? Sukari ni sukari tu.

Neema: Shikamoo Shangazi. Hapana, hazihesabiwi pamoja. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2015 unahesabu sukari tunayoongeza, na asali, na juisi. Iliyomo ndani ya tunda zima au kwenye maziwa haimo. Kikomo ni chini ya asilimia 10 ya nishati ya siku. Ukila kalori 2,000 ni gramu 50, yaani vijiko vya chai kama 12. Ukiweza kushuka hadi 6, bora zaidi.

Mjomba: Mimi naweka asali ya porini, ya asili kabisa.

Neema: Ya asili ndiyo Mjomba, ila kwenye hesabu imo.

Shangazi: Marahaba mwanangu. Na juisi yangu ya pasheni? Siweki hata chembe ya sukari!

Neema: Nayo imo. Ukishakamua na kuchuja, makapi unatupa, sukari inabaki majini. Halafu glasi moja inameza matunda mangapi? Huwezi kuyala yote kwa mkupuo.

Baba: Mimi naweka vijiko vitatu tu.

Neema: Baba, leo asubuhi nilikaa pembeni yako. Vile ni vya mlima. Nilichota vitatu kama vyako, nikasawazisha kwa kisu, nikapata vitano. Na kwa baridi hii ya Uyole unakunywa vikombe vitatu. Hivyo ni 15, gramu 60, kabla hujagusa soda.

Baba: Kumi na tano?

Neema: Ndiyo Baba. Naumia kukuona unajinyima maziwa, kumbe sukari iko kwenye kikombe.

Mjomba: Na sisi wenye kisukari?

Neema: Wewe Mjomba hata matunda yana kipimo. Panga na kliniki yako, usifuate hesabu hii ya Baba. Yeye alipimwa, hana kisukari. Shida yake uzito na lile jino.

Shangazi: Mtindi wa pakiti je? Wameandika sukari nyingi.

Neema: Hapo wamejumlisha na ya maziwa yenyewe. Soma orodha ya viambato. Ukikuta sukari imetajwa, wameongeza.

Baba: Haya. Niwekeeni ndizi mbili. Chai ya kesho kijiko kimoja, cha kusawazisha.

Mama: Kisu nimekilaza juu ya kopo la sukari.